Ukuta wa Vioo wa Bi Zaituni

Habari za kifo cha Bi Zaituni zilinikuta juu ya jukwaa la mafundi mjini Mwanza, nikibandika vioo kwenye ukuta wa hoteli mpya inayotazama ziwa. Simu ilikuwa mfukoni, mikono imejaa saruji nyeupe, nikaiacha iite mpaka ikanyamaza. Ilipoita tena nikajifuta, nikapokea. Alikuwa Rehema, binti yake, kutoka Bujumbura. "Shikamoo, dada Vene," akasema, na kabla sijaitikia nilikwisha kujua, maana Rehema hunipigia jioni tu, na saa ile mafundi walikuwa bado hawajanywa chai. "Mama ametutoka alfajiri. Tunamzika baada ya adhuhuri." Nikamuuliza yale ambayo watu huuliza: aliugua sana, alisema nini, nani alikuwa naye. Rehema akanijibu kwa utulivu, kisha akaongeza jambo ambalo mpaka leo linanichekesha katikati ya machozi. Siku chache kabla, mama yake, akiwa kitandani, aliwagombeza kwa sauti mafundi waliokuwa wakiweka vigae kwa jirani. "Hakuwaona, dada. Alisikia tu wanavyogonga. Akasema, hao hawana uzi, wanapima kwa macho."

Niliposhuka, vijana ninaofanya nao kazi waliniuliza ni ndugu gani aliyefariki. Nilisema ni mwalimu wangu, halafu nikaona neno lenyewe halitoshi, lakini sikupata jingine. Watu wanaokuja kupiga picha kazi zangu huniuliza nilijifunza wapi michoro hii ya Kiislamu, nyota zinazozaa nyota, mimi mwenye rozari shingoni. Wengine hudhani nimepelekwa Uturuki au Moroko. Nikiwaambia nilijifunza Nyakahura, wilaya ya Biharamulo, kwenye sakafu ya jiko la mgahawa, hucheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Ulikuwa mwaka mmoja tu, katika ile miaka ya wakimbizi, na mambo yote niliyokuja kuyafanya kwa mikono yangu baadaye yalitoka humo.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, nikatoka kwetu Murusagamba kwenda kumsaidia mama mdogo, Skolastika, ambaye watu wote walimwita Mama Skola. Alikuwa na mgahawa kando ya barabara kuu. Kabla ya miaka ile barabara hiyo ungeweza kuanika muhogo juu yake ukaukuta umekauka. Sasa malori yalipita mchana kutwa kwenda Ngara, yamebeba mahindi, mafuta, maturubai na maji, na vumbi lilikuwa halipati nafasi ya kutua. Madereva walikula kwetu. Ugali wa muhogo, maharage, ndizi za kupika na nyama ya ng'ombe, na siku za gulio sato wa kukaanga kutoka ziwani. Mgahawa ulikuwa na chumba kimoja chenye mabenchi, jiko nyuma yake, na nyuma ya jiko vyumba viwili vilivyotengwa kwa mbao, kimoja changu na mama mdogo, kingine stoo. Harufu ya moshi na vitunguu ililala nasi na kuamka nasi.

Bi Zaituni aliingia mgahawani asubuhi moja akiwa na mtoto mgongoni na mfuko mmoja wa rambo. Alikuwa mwanamke mrefu, mweusi wa kung'aa, amejifunga kanga mbili zilizochakaa lakini zilizonyooshwa kama zimetoka dukani. Aliketi bila kukaribishwa, akaagiza chai, akainywa funda moja, akaiweka chini. "Samahani, dada," akamwambia mama mdogo, "chai hii ilipikwa au iliogeshwa?" Hakuna mtu aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia Mama Skola neno kama hilo. Tena kwa Kiswahili kile! Sisi Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ya soko; nyumbani tulisema Kihangaza, na mama mdogo mpaka anazeeka alisema "kalibu chakura". Huyu alikizungumza kama mtu aliyekinyonya. Alizaliwa katika mtaa wa Waswahili kule Bujumbura, na vita vilimtoa huko. Mama mdogo akashika kiuno. "Kama unajua zaidi, jiko lile pale." Bi Zaituni akaenda jikoni. Akapika chai ya tangawizi na iliki aliyoitoa kwenye fundo la kanga yake, madereva wakaomba tena, na kufikia jioni stoo ilikuwa imeondolewa magunia na kutandikwa mkeka kwa ajili yake na Rehema, ambaye wakati huo ndiyo kwanza alikuwa akijifunza kutembea.

Aliishi nasi hivyo. Wakimbizi wengi walikuwa kambini kule Ngara, lakini wengine walikaa vijijini kwa watu, wakilima, wakipika, wakijenga, na siku zile hakuna aliyewauliza. Alitufundisha pilau na vitumbua. Alikuwa na makeke, alipenda manukato, alipenda kusifiwa, na hakuficha. Lakini hatukujua kwamba alikuwa fundi mpaka siku lilipoanguka lori la vioo.

Lori hilo lilitoka Mwanza likiwa na vioo vya kujitazamia, vile virefu vya milango ya makabati ya nguo, mali ya mfanyabiashara mmoja mnene aliyetarajia kuviuza Ngara mjini. Lilipinduka kwenye kona ya mteremko, si mbali na kwetu. Dereva alitoka na mchubuko tu. Vioo havikutoka. Mwenye mali alikuja kukaa mgahawani kwetu akiwa ameshika kichwa, na watu waliokwenda kutazama walirudi wakisema mteremko wote unawaka kama ziwa. Bi Zaituni aliondoka jikoni na mwiko mkononi. Nilimfuata. Nilimkuta amesimama ukingoni mwa barabara, anatazama chini ambako maelfu ya vipande vilikuwa vimetawanyika kwenye nyasi, kila kimoja na kipande chake cha mbingu. Kisha akarudi moja kwa moja kwa yule mfanyabiashara.

"Shikamoo, mzee. Pole. Vile vioo utavifanyaje?"

"Vioo gani? Kuna kioo pale?" yule mtu akasema. "Zile ni takataka. Ng'ombe wa watu watajikata, nami nitadaiwa na ng'ombe pia."

"Basi nitaviondoa mimi."

"Ondoa, mama. Mungu akubariki."

Tulivikusanya kwa magunia, mimi na yeye na vijana wa pale senta, mikono imefungwa matambara. Mama mdogo alipoona magunia yanapangwa nyuma ya jiko lake alidhani mgeni wake amerukwa na akili. Lakini aliyaacha. Alikuwa mtu wa kungoja aone. Kesho yake mchana, madereva walipopungua, Bi Zaituni alifagia sakafu ya jiko, akaimwagia maji kidogo, akaiacha ikauke. Akachukua mkaa, uzi na msumari. Akaniambia, "Vene, shika msumari hapa. Usiutikise." Akavuta uzi, akazunguka akiwa amechuchumaa, kanga ameikusanya mapajani, na duara likatokea, kamili, kama la kikombe. Kisha bila kubadili urefu wa uzi akaanza kulipima duara lilelile, akitia alama, na uzi ulipofika mwisho ukaangukia palepale ulipoanzia, umeligawa duara mara sita bila kubaki hata unene wa ukucha. Nilikuwa nimefundishwa hesabu miaka minne na nilikuwa nimeona jambo hilo ubaoni. Lakini sikuwahi kuliona likitokea chini ya mkono wa mtu, sakafuni, karibu na sufuria. Akaunganisha alama kwa mistari, ikawa nyota. Akaongeza duara, nyota ikawa ya ncha kumi na mbili, na kati ya ncha na ncha pakajitokeza maumbo ambayo hakuyachora, yalikuja yenyewe.

"Haya umeyatoa wapi?" nikamuuliza.

"Sijayatoa popote. Yalikuwemo humo. Mimi nimeyafungulia mlango." Kisha akacheka, maana alikuwa amejisikia mwenyewe anavyosema maneno makubwa. "Baba yangu ndiye alikuwa akisema hivyo. Alikuwa fundi wa vioo. Alipamba maduka ya Waarabu na msikiti wetu wa mtaani. Alitaka mtoto wa kiume amrithi, akapata mimi."

Kati ya vitu vichache alivyofika navyo kwetu kulikuwa na almasi, yaani kile kikatio cha vioo chenye mpini mdogo, kimefungwa ndani ya soksi ya mtoto. Aliitumia kama mtu anayeandika. Mlio mwembamba, kisha kubonyeza kidogo kwa kidole gumba, na kioo kilikatika pale alipotaka. Mimi ilinichukua muda mrefu. Nilikata vibaya, nilijikata mwenyewe, nilisaga kingo kwa jiwe mpaka vidole vikafa ganzi. Hakunihurumia. "Hiki ni cha kulia au cha kushoto?" angeniuliza akiinua kipande. "Unaona vyote sawa? Nyota haioni sawa." Sasa nina miaka hamsini na kitu, na bado nikichukua kipande mkononi nasikia sauti ile. Nimefanya kazi na watu wanaochora kwa kompyuta, watu hodari sana ninaowaheshimu, nami nimejifunza kwao mengi. Lakini kwake nilijifunza kuwa uzuri ni kazi ya subira, na kwamba subira yenyewe inaweza kuwa na makeke, inaweza kuvaa manukato na kucheka kwa sauti jikoni.

Sakafu haikumtosha. Alitaka ukuta. Kulikuwa na msikiti mdogo wa matofali nyuma ya soko, uliojengwa na Waislamu wachache wa pale, na imamu wake alikuwa Mwalimu Shabani, mzee mpole aliyeshona nguo kwa cherehani chini ya kibanda. Bi Zaituni alimwendea mchana, mimi nimebeba kibao kidogo alichokipamba kama mfano, kimefunikwa kitambaa.

"Vioo msikitini?" Mwalimu Shabani akasimamisha cherehani. "Bi Zaituni, mtu asali huku anatazama sura yake? Hapana. Hiyo itakuwa kujiabudu."

"Mwalimu, hebu jitazame hapa kwanza. Ukijiona, nitaondoka na sitarudi."

Akafunua kibao. Mwalimu akakishika, akakisogeza karibu, akakipeleka mbali. Vipande vilikuwa vidogo na vimeinamishwa kila kimoja upande wake. Akageuza kichwa huku na huku kama kuku. Aliona weupe wa kofia yake mahali ishirini, wekundu wa kitambaa alichokuwa anashona, kidogo cha bati, kidogo cha anga, na mtu aliyepita na baiskeli akiwa amegawanyika. Uso wake hakuuona. "Sijioni," akasema taratibu, na nakumbuka alisema kama mtu aliyepumzishwa. Lakini alikuwa na msimamo. "Hata hivyo, upande wa kibla hapana. Kibla nakiacha cheupe. Nitakupa ukuta wa barazani, pale watu wanapovua viatu. Pale kila mtu atauona, hata asiye wetu." Bi Zaituni, ambaye hakuwa mwepesi wa kukubali la mtu, aliinamisha kichwa. "Hapo panatosha, Mwalimu. Na umesema kweli kuhusu kibla."

Kwa upande wetu maneno hayakukosekana. Baada ya misa Jumapili moja nilisikia wanawake wa jumuiya wakimuuliza mama mdogo kama ni kweli binti wa Murusagamba, aliyepata kipaimara, anapamba msikiti. Mama mdogo alikuwa anafunga kitenge chake. "Kweli," akasema. "Na ninyi mkileta ukuta atawapambia. Mna ukuta?" Hawakuwa nao. Tukaenda nyumbani.

Tulifanya kazi mchana baada ya madereva kula, mpaka jua lilipoinama. Tulianza na nyota kubwa juu ya mlango, tukaenea kutoka hapo. Yeye alibandika, mimi nilikata na kumpa, na baadaye nami nikapewa nafasi ya kubandika. Watu walizoea kuja kutazama. Wasukuma waliokuja gulioni na ng'ombe walisimama na fimbo zao, wakiulizana kwa lugha yao, wanacheka wakijiona vipandevipande. Ukuta ulipofika nusu, jua la alasiri lilipoupiga, mwanga ulitoka barazani ukaruka hadi upande wa pili wa soko, ukatapakaa juu ya mafungu ya nyanya na migongo ya watu. Watoto waliukimbiza. Katika mwaka ule habari nyingi zilizopita barabarani kwetu zilikuwa za vifo na wizi, na nadhani ndiyo sababu watu waliupenda ule mwanga kuliko walivyoweza kusema.

Siku moja mvua ilitukatiza, nikawa chumbani kwangu nakausha nguo, na kupitia mbao nikawasikia mama mdogo na Bi Zaituni wakichambua maharage jikoni. Mama mdogo alimuuliza kwa sauti ya chini baba yake Rehema yuko wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza. Nilisikia maharage yakidondoka kwenye sufuria, moja moja.

"Tulikwisha kutoka," Bi Zaituni akasema. "Tulikuwa tumefika kwa watu wetu, salama. Ndipo nikakumbuka almasi ya baba. Sikumwomba, dada. Nilisema tu, nimeisahau. Akasema nitaifuata, si mbali."

"Akaipata?"

"Aliipata. Akampa jirani aniletee. Alikuwa amejeruhiwa, hakuweza kutembea tena. Jirani alifika. Yeye hakufika."

Nikasikia mama mdogo akisogeza kigoda. "Lete hayo," akasema, "una mawe mengi upande wako," na nikajua amehama upande wa pili wa jiko, ameketi karibu naye, wanachambua sufuria moja. Nilikaa kwenye kitanda changu na shati lililolowa mikononi. Tangu siku hiyo, kila nilipousikia ule mlio mwembamba juu ya kioo, nilisikia pia kitu kingine ndani yake, nami nikaacha kulalamika kuhusu vidole.

Kisha likaja tangazo. Lilisomwa sokoni kwa kipaza sauti: wakimbizi wote waliokuwa wakiishi vijijini walitakiwa kwenda kambini, na magari yangekuja kuwachukua. Mama mdogo alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akarudi bila kitu. Hapakuwa na la kufanya, na aliyemficha mtu angemponza. Ukuta ulikuwa umebaki kama robo, sehemu ya mwisho upande wa kulia mpaka kwenye kona ya juu.

Asubuhi ya kuondoka kwake Bi Zaituni hakufunga mizigo. Nilipoamka alikuwa ameketi kwenye mkeka, magunia yamefunguliwa, anakata. Alikata tangu alfajiri. Vipande vilikuwa vimepangwa kwa mafungu mbele yake kama dagaa sokoni, pembetatu za kulia, za kushoto, mabapa, ncha. Mama mdogo ndiye aliyefunga nguo zake, akamchemshia Rehema uji, akatia unga na maharage kwenye mfuko. Hakuna aliyemwambia aharakishe. Lori lilipopiga honi barabarani alikata kipande kimoja zaidi, akakipuliza vumbi, akakiweka kwenye fungu lake. Nilidhani ataniachia almasi. Akaifunga ndani ya soksi, akaitia kifuani. "Hii siachi," akasema. "Unajua kwa nini siachi?"

"Najua," nikasema. Akanitazama, akaelewa kwamba nilisikia.

"Basi vipande vinatosha. Nimehesabu. Malizia ukuta, mwanangu."

Nikaendelea peke yangu. Mwalimu Shabani alinishikia ngazi. Nilifuata nyota kama alivyoniachia, safu kwa safu, na kwa majuma mengi nilijivuna kimoyomoyo. Nilipokaribia kona ya juu nikaona kosa. Mchoro haukufunga. Nyota ya mwisho ilitakiwa ikatwe katikati na ukingo wa ukuta, nusu kamili, kama ilivyokuwa upande wa kushoto. Badala yake chini ilibaki nafasi, juu ilizidi. Nikapima. Ukuta wenyewe ulikuwa umepinda. Aliyeujenga aliuinua kwa macho, na kuanzia karibu na mlango ulizidi kulala, mpaka ukingoni juu ikapungua upana wa kiganja kuliko chini. Nilijaribu kujaza kwa vipande visivyo na umbo, ikawa kama kiraka kwenye suruali ya harusi. Nikabandua. Nikajaribu tena. Mwisho nikashuka nikakaa barazani, na Mwalimu Shabani akaketi kando yangu. "Twende tukamuulize," akasema.

Tulipanda lori la mahindi, tukafika Ngara, tukangoja langoni mpaka tukaruhusiwa. Sikuwa nimewahi kuingia kambini. Vilima vyote vilikuwa vibanda, safu baada ya safu, na moshi wa kuni mbichi umetanda. Njiani nilikuwa nimejiandaa. Nilitegemea kumkuta amekonda, amekaa chini, mikono mitupu, nami nilikuwa nimepanga maneno ya kumfariji. Tulipouliza, msichana mmoja alituonyesha bila kusita, "Yule mama wa nyota? Kule." Nasi tukaona kabla ya kufika. Kulikuwa na kibanda kirefu cha udongo ambamo wanawake walikutana, na ukuta wake wa mbele ulikuwa unang'aa. Madebe ya mafuta ya msaada, yale ya bati la kumeremeta ndani, yalikuwa yamekatwa, yamenyooshwa, yamekandamizwa kwenye udongo mbichi, nyota ya ncha kumi na mbili kubwa kuliko yetu. Chini yake wanawake wengi walikuwa wameketi na mikasi na misumari. Wengine walikuwa Warundi wa milimani ambao Kiswahili hawakukijua, na katikati yao Bi Zaituni amesimama, kanga mbili zimenyooshwa, anapaza sauti kwa Kirundi na kuinua kipande cha bati. Kirundi hakiko mbali na Kihangaza chetu, na swali lile nililielewa. Ni cha kulia au cha kushoto?

Aliponiona alinikumbatia mpaka pumzi ikanikata. Akamwamkia Mwalimu. Akatulisha ugali wa mahindi ya njano na dengu, akalalamikia dengu, akaniambia nimekonda. Kisha nikamweleza kona. Nilimchorea ardhini. Alisikiliza, akavuta mdomo.

"Ukuta umepinda tangu wapi?"

"Tangu katikati. Tangu karibu na mlango."

"Basi kosa si la kona. Ulitaka kona ibebe mzigo wa ukuta mzima, maskini, itawezaje?" Akachukua kijiti. "Rudi nyuma mpaka pale ukuta unapoanza kulala. Kila safu iibie kidogo, upana wa uzi tu. Safu hii uzi mmoja, inayofuata uzi mmoja. Hakuna jicho litakaloona. Ukifika kona, utakuwa umekwisha kuilipa."

Nikahesabu kichwani. Kurudi mpaka mlangoni kulimaanisha kuondoa kazi yangu yote. Kulimaanisha pia zaidi ya hapo. "Bi Zaituni, safu za mwanzo ni zako. Ulizibandika kwa mkono wako."

"Bandua."

"Hata zako?"

"Zangu hasa. Mimi ndiye niliyeanza bila kupima ukuta, nilikuwa na haraka ya kuona nyota." Akanipangusa vumbi shavuni. "Usiniwekee kaburi pale, Vene. Mimi nipo hai. Bandua, ufanye sawa."

Nilirudi. Nilipanda ngazi na patasi na nyundo ndogo, nikaanza. Kipande cha kwanza kilikuwa kigumu kuliko vyote, kilikuwa na alama ya kidole chake kwenye saruji nyuma. Nikakiosha, nikakiweka kwenye kitambaa. Nikaendelea. Mama mdogo alikuja kila siku baada ya kazi kukaa barazani na kunioshea vipande katika beseni, na vilivyovunjika nilivikata upya kwa almasi ya kuazima kutoka kwa fundi wa madirisha wa Biharamulo mjini. Kila safu niliipunguzia unene wa uzi. Ramadhani ilipoingia nilikuwa nimerudi nilipokuwa. Ilipokaribia kwisha niliweka nusu nyota ya mwisho kwenye kona ya juu, nikaibonyeza, na ikakaa kama iliyozaliwa pale.

Siku ya Idi watu walichelewa kuingia, kila mmoja ameshika kiatu kimoja mkononi, shingo juu. Mwalimu Shabani aliwakemea kwamba sala inaanza, naye mwenyewe akisema hivyo huku anatazama ukutani. Bi Zaituni hakuwahi kuuona ukiwa umekwisha. Alikaa kambini miaka, akafundisha wengi, akarudi kwao amani ilipopatikana, akafungua karakana, na nilikwenda kumtembelea mara kadhaa. Lakini Nyakahura hakurudi tena.

Majuma machache baada ya Idi ile, lori la mafuta lilisimama barabarani saa ya alasiri. Dereva, mtu mzima mwenye ndevu za mvi, alikuwa ameona mwanga kutoka mbali. Alivuka soko, akavua viatu, akasimama barazani bila kuingia ndani. Mimi nilikuwa pale nasugua madoa ya saruji. Hakunitazama sana, nadhani alinichukulia mfagiaji. Alitembea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akapita mlango, akafika kwenye kona.

"Dada," akasema, kwa Kiswahili kilekile cha Bujumbura, "huyu ni Zaituni, binti wa fundi wa mtaani kwetu. Yuko hai?"

"Yuko hai. Umemjuaje?"

Akanyoosha mkono, akaielekezea kidole ile nusu nyota ya juu kabisa. "Pale. Angalia inavyokaa kwenye ukuta uliopinda. Huu ni mkono wake, hakuna mwingine."

Nikatazama pale kidole chake kilipoelekea. "Ndiyo," nikamwambia. "Ni wake."